Oili, Si Grisi

Jumamosi ya pili ya Februari tuliifungua boneti,
ile boneti pana ya Herald inayoinukia mbele
kama kiboko anayepiga mwayo,
na Ambrose Tuxworth akaja kusimama mlangoni pa banda,
chai mkono huu, kofia mkono ule,
kama mtu aliyefika msibani kabla ya wafiwa.

"Gari la mwaka sitini na nne," alisema, "haliuawi hivi."

Sikumjibu. Nilimwonyesha sakafu.
Pale Mama alipokuwa akikaa, miguu ndani ya blanketi,
palionekana saruji ya banda
na konokono mmoja akipita zake.
Nguzo ya mlango niliisukuma kwa kidole gumba,
ikamomonyoka kama biskuti iliyochovywa.
Kutu ya Lincolnshire haina haraka.
Huja na ukungu wa mifereji, huja na chumvi ya barabarani,
hukaa miaka kumi na minane chini ya turubai
ikila kimya kimya, kwa adabu zake.

Lakini injini!
Nilitia kijiko cha oili katika kila tundu la plagi,
nikangoja siku mbili,
nikashika spana ndefu, nikavuta,
ikazunguka. Nzito, kwa shingo upande,
kama mtu aliyeamshwa usiku amfungulie mgeni,
lakini ikazunguka.

Kufa kufaana.
Tukagawa mirathi juu ya meza:
injini na giaboksi yake,
difu inayovuja tangu siku ya harusi ya Imogen,
stelingi, springi, breki,
mikono ya mbele na bushi zake za shaba.
Kila kitu na kadi yake,
boliti ndani ya soksi zilizokosa pacha.
Bodi ilikwenda kwa mnunuzi wa vyuma, pauni themanini.
Kiti cha Mama nilikirudisha ndani ya nyumba.
Sijui nitakifanyia nini.

Chasi mpya ilikuja kwa lori kutoka Derby, mabomba ya mraba, meusi,
na bodi ya faiba yenye rangi ya yai la bata,
nyepesi mno: mimi na Piers tuliibeba begani
kama jeneza lisilo na mtu.

Kijitabu kilisema, bushi za mbele zipakwe grisi.
Nilikifunga.
Ndani ya kifuniko cha kopo la tumbaku la Baba,
kwa penseli, herufi kubwa:
OILI, SI GRISI.
Grisi hukaa juu ikajisifu, alikuwa akisema,
oili ndiyo inayoshuka hadi kwenye uzi wa skrubu.
Aliwahi kuona gurudumu limelala ubavu
katikati ya Sleaford, siku ya soko,
na mwenye gari amesimama ameshika kabichi.
Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizonipa.

Afisa wa usajili alikuja na ubao wake wa kuandikia.
Chasi, mpya. Bodi, mpya. Mengine, ya kuokoteza.
Akatupa herufi Q,
herufi ya magari ambayo umri wake haujulikani.
Piers alicheka. Mimi nilitaka kumvuta yule bwana chini ya gari
aone kovu la nyundo kwenye difu,
la kiangazi cha sabini na sita, mifereji ilipokauka,
Baba alipomtukana Mungu mbele yangu
kisha akaniomba radhi mimi.

Jumapili moja, karibu na Gedney Dyke,
mtaro kulia, mtaro kushoto, nilipotea njia.
Nikakata usukani hadi mwisho.
Gari likageuka hapo hapo, mara moja, bila kurudi nyuma,
vile vile alivyokuwa akiligeuza mbele ya kanisa
watu wakitoka.

Ambrose, magoti kidevuni, alinyamaza
hadi tulipofika lami nzuri.
Kisha akauliza kama kile kiti cha mama yangu bado kipo,
maana hiki, alisema, kinamla mgongo.